Kitoweo kimebaki peke yake: mvinyo gani ukae kando ya mlo usio na wanga?

Anayepunguza wanga hufikia swali hili mapema: je, glasi ya mvinyo nayo iondoke mezani pamoja na wali, mkate na viazi? Jibu ni fupi, acha nilitoe sasa hivi: si lazima. Mvinyo mkavu una sukari kidogo mno, na glasi moja haivurugi hesabu ya wanga ya siku. Wengi wakishapata jibu hilo huona mambo yameisha. Wanafungua chupa ileile waliyoizoea, wanaiweka kando ya sahani mpya ya nyama na majani, halafu wanashangaa. Mbona leo mvinyo unakwaruza ulimi? Mbona umekuwa mchachu kama siki?

Chupa ni ileile. Sahani ndiyo iliyobadilika, na hapo ndipo penye mazungumzo. Kitoweo, kwa maana yake ya asili, ni kitu cha kutowelea kingine. Neno lenyewe linadai mwenzake. Ukiondoa wanga, kitoweo kinabaki mjane, na ladha zake zote, yaani mafuta, chumvi, ndimu, uchungu wa majani na moto wa pilipili, zinakutana na mvinyo ana kwa ana. Wali na mkate vilikuwa wapatanishi. Vilinyonya mchuzi, vikapooza pilipili, vikafuta ulimi kati ya tonge na tonge, na hakuna aliyewashukuru. Sasa kazi hiyo imeiangukia glasi, na si kila mvinyo unaiweza.

Tumalizane kwanza na hesabu ya sukari

Juisi ya zabibu zilizoiva ina sukari nyingi, mara nyingi zaidi ya gramu 200 kwa lita. Hamira inaila sukari hiyo na kutoa pombe na hewa ya ukaa. Kila gramu 17 hivi za sukari kwa lita huzaa asilimia 1 ya pombe, kwa hiyo juisi yenye gramu 220 ikichachuka hadi mwisho hutoa mvinyo wa karibu asilimia 13. Hamira ikiachwa imalize kazi, mvinyo unakuwa mkavu. Ikikatizwa njiani, ama kwa baridi, ama kwa kuchujwa, ama kwa kumiminiwa pombe kali kama wafanyavyo watengenezaji wa Port kule Ureno, sukari iliyosalia inabaki chupani.

Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, mvinyo wa kawaida usio na mapovu huitwa mkavu ukiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au hadi gramu 9 ikiwa asidi yake ni kali ya kutosha kuibeba sukari hiyo. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Glasi moja basi ina kama nusu gramu ya sukari, na ikizidi sana ni gramu moja na kidogo. Haifiki hata robo ya kijiko cha chai cha sukari, au inapita hapo kidogo tu.

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, nami nilichanganyikiwa kwa muda mrefu. Ukifungua jedwali la lishe, kwa mfano lile la Wizara ya Kilimo ya Marekani, utakuta glasi hiyohiyo ya mvinyo mkavu imeandikiwa wanga wa gramu 3 hadi 4. Nani anadanganya? Hakuna. Wanga katika majedwali ya namna hiyo hupatikana kwa kutoa: unachukua uzito wote, unaondoa maji, protini, mafuta, majivu na pombe, na kinachobaki unakiita wanga. Ndani ya hicho kinachobaki mna asidi za zabibu, na mna gliseroli, kimiminika kizito chenye utamu kidogo ambacho hamira hukitengeneza ikiwa kazini, kwa kawaida gramu 5 hadi 10 kwa lita. Hivyo si sukari, ila kwenye karatasi vimekaa kiti cha wanga. Anayehesabu kwa ukali, mwenye kikomo cha gramu 20 kwa siku, na aandike 4 kwa glasi alale salama. Mwenye kikomo cha gramu 100 hana haja ya kuumiza kichwa.

Lebo za mvinyo wa mapovu zina mtego wao. Mtu anaona ‘Extra Dry’ anafurahi, kumbe huo una gramu 12 hadi 17 kwa lita, mtamu kuliko ‘Brut’ ambao hauvuki 12. ‘Sec’, neno la Kifaransa lenye maana ya kavu, ni gramu 17 hadi 32. ‘Demi-Sec’ ni 32 hadi 50. Unaoutaka ni ‘Brut Nature’, chini ya gramu 3 na bila sukari ya kuongezwa, au ‘Extra Brut’ usiozidi 6. Msamiati huu wa ajabu ni urithi wa karne ya 19, wakati Champagne ilipokuwa kinywaji kitamu mno na ‘kavu’ ilikuwa na maana ya ‘si asali kabisa’. Madame Pommery, mwenye nyumba ya kutengeneza Champagne, alipotoa Champagne yake kavu mwaka 1874, soko lilikuwa bado limezoea utamu, na ngazi ya majina iliendelea kupanda upande wa ukavu huku yale ya zamani yakibaki pale pale.

Mtego wa pili ni pua. Mvinyo unaonukia embe au jamu ya beri si lazima uwe na sukari. Harufu ya tunda inaudanganya ubongo utangulie kuhisi utamu. Kinyume chake pia hutokea: baadhi ya mivinyo myekundu ya bei nafuu huachiwa gramu 10 na zaidi kwa lita ili iwe laini, na haisemi. Kuna kidokezo kimoja, ingawa hakitoshi peke yake. Tazama kiwango cha pombe. Riesling, mvinyo mweupe, ya bonde la Mosel kule Ujerumani yenye asilimia 8 au 9 karibu kila mara imebakiza sukari, maana pombe ambayo haipo ni sukari ambayo haijaliwa. Kanuni hii haifanyi kazi kwa Port na ndugu zake, walioongezewa pombe. Njia ya uhakika zaidi ni lebo yenyewe: mvinyo unaouzwa katika Umoja wa Ulaya, uliotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023, lazima utoe taarifa za lishe na viambato, mara nyingi kupitia msimbo wa kuchanganua kwa simu.

Pombe haimo kwenye hesabu, lakini ini linaihesabu

Glasi ya mililita 150 yenye asilimia 13 ina takriban gramu 15 za pombe, na kila gramu ya pombe ina kalori 7. Yaani kalori mia moja na ushei kabla hujagusa sukari. Anayesema mvinyo mkavu ‘hauna kitu’ anasahau sehemu kubwa ya glasi. Kuna na jambo la foleni: ini halina ghala la kuhifadhi pombe, kwa hiyo huishughulikia kwanza na kuyaweka mafuta pembeni. Ini la mtu mzima hushughulikia takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Glasi moja ni saa moja na nusu au mbili ambazo uchomaji wa mafuta umepunguzwa kasi. Si msiba, ila aliyeanza mlo huu ili apungue na uzito umegoma asiwe wa kwanza kulaumu karoti.

Ini likiwa na pombe hupunguza pia kutengeneza sukari mpya ya damu. Kwa mtu ambaye akiba yake ya sukari ni ndogo kwa sababu hali wanga, hilo lina uzito wake, na wengi wa walio kwenye mlo huu hukiri kwamba siku hizi glasi moja inawapanda upesi. Anayetumia insulini au dawa za kisukari zinazolazimisha kongosho kutoa insulini sukari yake ya damu inaweza kushuka mno usiku akiwa usingizini. Anayetumia dawa za kundi la SGLT2, zile zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, anakaribia hatari ya damu kujaa asidi pale wanga kidogo na pombe vinapokutana. Hao wazungumze na daktari kabla ya kusoma aya inayofuata. Na Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Ninayoyaandika hapa ni kwa yule ambaye tayari ameamua kunywa glasi yake na anataka iendane na chakula.

Chumvi ndiyo mkuu wa meza

Fanya jaribio hili mara moja, utaelewa zaidi ya kurasa kumi. Kaanga kipande cha nyama ya ng'ombe bila chumvi wala kitu. Mimina mvinyo mwekundu wenye tanini nyingi, zile kemikali za ganda la zabibu zinazoleta ukakasi, tuseme Cabernet Sauvignon kijana. Tafuna nyama, meza, kunywa. Utahisi ukakasi, ule wa kuuma ndizi mbichi: ulimi umekauka, mashavu yamejibana. Sasa nyunyiza chumvi kwenye kipande kilichobaki, kamulia matone mawili matatu ya limau, tafuna, kunywa tena kutoka glasi ileile. Mvinyo umelainika. Tunda ambalo halikuwepo limejitokeza, na ukakasi umerudi nyuma.

Tanini hushikana na protini. Kinywani protini zilizo karibu ni za mate, zile zinazofanya ulimi uteleze, na zikishikwa ulimi unakauka. Nyama ikiwepo, tanini zinapata protini nyingine za kushikana nazo, na mafuta yanapaka kinywa utando. Ndiyo sababu watu husema nyama yenye mafuta na mvinyo mwekundu ni marafiki. Ni kweli, lakini jaribio lile linaonyesha kwamba bila chumvi urafiki huo unalegea. Chumvi na uchachu katika chakula hufanya mvinyo uonekane laini na wenye tunda zaidi. Utamu katika chakula, na ile ladha nzito ya supu ya mifupa, uyoga na jibini lililokomaa iitwayo umami, hufanya mvinyo uonekane mkali, mchungu na mwembamba.

Tazama sasa mlo wa wanga mdogo unavyokaa katika picha hiyo. Mafuta yameongezeka, protini imeongezeka, umami umeongezeka sana, maana mpishi aliyenyimwa viazi hukimbilia uyoga, mayai, jibini na nyama zilizokaushwa. Umami mwingi bila chumvi ya kutosha ndiyo siri ya ule mvinyo uliokwaruza. Dawa ipo kwenye kidole gumba na cha shahada: ongeza chumvi kidogo, dondosha limau, onja tena. Ikiwa daktari amekuzuia chumvi, punguza tanini badala yake. Uyoga uliokaangwa kwa siagi unapatana na Pinot Noir, mwekundu wenye tanini chache, kuliko unavyopatana na Cabernet.

Wanga ulikuwa na kazi nyingine ambayo vibadala vyake haviiwezi. Koliflawa iliyokunwa ikawa mfano wa wali ni mboga nzuri, naipenda, lakini si wali. Hainyonyi mchuzi bali inauachia maji, ikiiva kupita kiasi inatoa harufu ya salfa, na kinywani haifuti kitu. Tambi za zukini ni hivyohivyo. Unga wa lozi unaotumika kutengenezea maganda ya pai unaongeza mafuta juu ya mafuta. Kwa hiyo usichague mvinyo kwa kutazama jina la chakula, eti ‘hii ni tambi, nitoe mvinyo wa tambi’. Chagua kwa kilichomo sahanini kweli.

Kazi ya kufuta ulimi inahitaji kifutio, na mvinyo una viwili: asidi na mapovu. Kama ningelazimika kubakiza aina moja tu ya chupa kwa ajili ya mlo wa wanga kidogo, ningechagua mweupe mkavu wenye asidi kali, wa mtindo wa Muscadet au Chablis wa Ufaransa, Albariño wa Hispania, Assyrtiko wa Ugiriki, au Riesling yenye neno ‘trocken’, yaani kavu kwa Kijerumani. Watu wa nyama watanibishia. Lakini kuku mwenye ngozi, samaki wa mafuta, parachichi, krimu na mayonezi vyote vinaomba kitu cha kukata mafuta, na tanini haikati mafuta kama asidi inavyokata. Kwa mayai, ambayo hupaka ulimi utando mzito na kuufanya mvinyo wowote upooze, mapovu ya Brut Nature yanasugua pale ambapo mvinyo uliotulia unapita tu.

Samaki na chuma

Onyo la kutokunywa mvinyo mwekundu na samaki lilikuwa la mazoea mpaka mwaka 2009, watafiti wa Japani walipochapisha walichokipata baada ya kuonja mivinyo mingi na kome aina ya skalopu waliokaushwa. Iliyoacha ladha mbaya ya shombo ilikuwa ile yenye madini ya chuma mengi, hasa kuanzia miligramu 2 kwa lita. Chuma hukutana na mafuta ya samaki, yakavunjika, na shombo ikazuka papo hapo mdomoni. Mivinyo myekundu huelekea kuwa na chuma zaidi, lakini si yote, na kiwango hutegemea udongo, vyombo na utengenezaji.

Kwa mlo huu jambo hilo lina maana, kwa sababu samaki wanaosifiwa ni wale wenye mafuta: salmoni, makrili, sadini. Mafuta mengi, shombo nyingi. Mweupe wenye asidi kali ni salama. Kama ni lazima uwe mwekundu, chukua mwepesi, upoze hadi nyuzi 13 au 14, na mchome samaki juu ya moto mkali ili ladha ya moshi itangulie.

Majani, pilipili na sukari ya uongo

Sahani ikikosa wanga hujaa kijani. Brokoli, kabichi, spinachi na asparagasi vina uchungu wao, na uchungu wa jani ukiongezwa kwenye ukakasi wa tanini huzaa kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe mkavu, huingia hapa kwa urahisi, kwani harufu yake ya majani mabichi na pilipili hoho inatokana na familia ya kemikali ileile iliyomo kwenye hoho zenyewe. Artichoki ni kesi ya peke yake: ina kemikali iitwayo sinarini, inayofanya chochote unachokunywa baada yake kionekane kitamu. Saladi yenye siki inahitaji mvinyo ulio mchachu angalau kama siki hiyo. Vinginevyo mvinyo utaonekana maji. Mimi hupunguza siki nusu, naweka mafuta ya zeituni zaidi, na sehemu ya uchachu naitoa kwenye mvinyo uleule utakaonywewa.

Pilipili ni ngumu zaidi. Pombe huamsha mishipa ileile ya fahamu inayohisi ukali wa pilipili, kwa hiyo mvinyo wa asilimia 14 juu ya pilipili ni mafuta ya taa juu ya moto, na safari hii hakuna wali wa kuuzima. Kinachosaidia ni pombe kidogo, ubaridi na utamu kidogo, na huo utamu ndio tunaoukimbia. Hapa nashauri kulegeza kamba. Riesling yenye gramu 20 za sukari kwa lita inakupa gramu 3 kwenye glasi. Ziandike, zinywe. Au punguza pilipili na uongeze krimu, maana mafuta nayo huibeba.

Jambo linalonikera zaidi ni sukari mbadala. Erithritoli na stevia haziingii kwenye hesabu ya wanga kama sukari, lakini ulimi haujui hesabu. Unaonja utamu tu, na utamu katika chakula huufanya mvinyo mkavu uwe mchachu na mchungu. Niliwahi kumpaka kuku mchuzi mzito wa nyanya uliokolezwa erithritoli, ule wa kuchomea, nikafungua Sauvignon Blanc niliyoiwekea matumaini. Ilikuwa kama kunywa siki ya tufaha. Nikailaumu chupa, nikaifunga. Kesho yake jioni, kando ya samaki wa chumvi na limau, ilikuwa nzuri kabisa. Tangu hapo mchuzi ukiwa na utamu, wa kweli au wa uongo, natafuta mvinyo usio mkavu kabisa, au nakunywa maji.

Mchuzi usio na unga

Mvinyo hauishii kwenye glasi, na jikoni ndipo unapofidia vizuri zaidi ukosefu wa wanga. Michuzi mingi huwekewa unga ili iwe mizito. Ukiuondoa unga unabaki na njia tatu: kuchemsha mchuzi hadi upungue, siagi baridi, au kiini cha yai na krimu. Kuna pia gundi ya zanthani, ambayo robo ya kijiko cha chai inatosha kikombe kizima cha mchuzi. Niliwahi kuweka kijiko kizima. Sitaki kukumbuka mnato ule.

Njia ninayoitumia karibu kila wiki ni hii. Mapaja ya kuku yenye ngozi yameshakaangwa, yako pembeni yanapumzika, na chini ya kikaango kumegandamana ukoko wa kahawia. Mwaga mafuta ya ziada, bakiza kama kijiko kimoja. Tia kitunguu kidogo kilichokatwakatwa sana, kigeuze hadi kilainike bila kuungua. Mimina glasi moja ya mvinyo mweupe mkavu; utalia chwaa, mvuke utapanda, na hapo ndipo unakwangua ukoko wote kwa mwiko wa mbao mpaka kikaango kiwe safi na mvinyo uwe na rangi ya chai. Acha uchemke mpaka vibaki vijiko vitatu hivi. Onja: ni mchachu wa kukunja uso, na ndivyo unavyotakiwa kuwa. Sasa ondoa kikaango motoni, tumbukiza vipande vya siagi baridi kabisa, kama gramu 50 kwa jumla, kimoja kimoja, huku ukikizungusha kikaango kwa mkono. Siagi haiyeyuki ikawa mafuta. Inashikana na mvinyo, mchuzi unakuwa mzito na wa kung'aa. Usiurudishe kwenye moto mkali, utaachana. Ukiachana, kijiko cha maji baridi na mzunguko wa haraka huurudisha mara nyingi.

Sukari iliyoingia na mvinyo huo haifiki gramu moja kwa sufuria nzima. Kitunguu kimeleta zaidi. Asidi iliyokusanyika imekutana na siagi, na mchuzi sasa unakata mafuta kwa niaba yake yenyewe. Glasi ya mvinyo uleule kando yake inakaa bila ugomvi, kwa kuwa ni ladha moja mara mbili.

Mvinyo mwekundu unahitaji uangalifu. Ukipunguzwa kwa moto, tanini na ladha ya pipa hujikusanya, na ule uliokuwa mkali kidogo kwenye glasi unakuwa mchungu kwenye kikaango. Chagua wenye tanini chache. Chupa zinazouzwa kama mvinyo wa kupikia mara nyingi zimetiwa chumvi, zipite.

Na wale wanaoepuka pombe kabisa wasidanganywe kwamba moto huimaliza. Kwa vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichochemshwa na pombe kwa dakika 15 bado kinabaki na kiasi cha asilimia 40 yake. Baada ya saa moja, asilimia 25. Baada ya saa mbili na nusu, asilimia 5. Kwa wageni kama hao tumia supu ya mifupa na limau.

Jibini mwishoni

Mlo wa namna hii mara nyingi huishia kwenye jibini badala ya kitindamlo. Jibini bichi la maziwa ya mbuzi na Sauvignon Blanc ni ndoa isiyohitaji maelezo. Jibini gumu lililokomaa lina chumvi na umami vya kutosha kuubeba mwekundu. Jibini la buluu ndilo lenye tatizo, kwa sababu mwenzake wa jadi ni mvinyo mtamu kama Sauternes, wenye gramu 120 na zaidi za sukari kwa lita. Lakini hakuna sheria ya kujaza glasi. Mililita 50, ambazo ni mikupuo mitatu, zinakuletea gramu 6 hadi 7. Asiyetaka hata hizo achukue sheri, mvinyo wa Hispania ulioongezewa pombe, ya aina ya amontillado iliyo kavu: inanukia karanga na karameli ilhali sukari yake haifiki gramu 5 kwa lita. Aangalie tu asilimia zake za pombe, hukaa kati ya 16 na 22. Asichukue kwa bahati mbaya Pedro Ximénez, sheri tamu mno ambayo kwa sheria haipungui gramu 212 za sukari kwa lita.

Ukinywa glasi moja, chupa inabaki na nne. Ifunge uirudishe kwenye friji, hata mwekundu, itakaa siku mbili tatu bila kuharibika. Baada ya hapo mimina kilichobaki kwenye trei ya barafu. Mvinyo haugandi ukawa mgumu kama maji, unabaki laini kidogo kwa sababu ya pombe, lakini vipande vinatoka. Vitano au sita vinatosha mchuzi mmoja wa kuku, na vinaingia kikaangoni moja kwa moja vikiwa baridi hivyohivyo.